Mwalimu Damari Hakung'atuka

Neno lililonipandisha hasira ni dogo. Aling'atuka. Kijana aliyesoma wasifu wa marehemu pale mbele ya jeneza alilisoma bila kukwama, kwa sauti nzuri ya redio, na watu waliojaa kanisani Ihanja wakatikisa vichwa kwa kuguswa: "Mwalimu Damari alikuwa mpiga kinanda wa usharika wetu kwa miaka mingi, mpaka alipong'atuka kwa hiari yake ili kuwapisha vijana." Nilikuwa nimekaa mbele na wenzangu tuliofundishwa naye, wengine wametoka Dodoma, wengine Mwanza, na nilihisi damu inapanda mpaka masikioni. Kwa sababu hao vijana waliopishwa nawajua. Walikuwa wawili. Mmoja ni Elibariki, ambaye siku hizo kichwa chake hakikufika kwenye dirisha la kanisa. Wa pili ni mimi.

Sitaki kuandika tanzia nyingine. Tanzia zilisomwa za kutosha siku ile, na karibu zote zilikuwa za kumpaka marehemu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nataka kueleza nilichokiona nikiwa mtoto na jinsi nilivyokielewa vibaya, kwa maana kule kuelewa kwetu vibaya kuliwafaa sana watu wazima.

Wa rika langu mliokulia makanisa ya bara mtavikumbuka vile vinanda vya kukanyaga. Sanduku la mbao, vibao vyeupe vilivyogeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku, na chini kanyagio mbili za kujaza upepo. Usipokanyaga hakuna sauti, hata ubonyeze kwa nguvu zako zote. Chetu kililetwa na wamisionari kabla hatujazaliwa. Kilinuka ngozi ya mbuzi, vumbi na panya, na hadi leo nikipita kwa fundi viatu, ile harufu ya ngozi ikinipiga, vidole vyangu hujikunja vyenyewe.

Miguu yetu watoto haikufika kwenye kanyagio. Kwa hiyo Mwalimu Damari alitufundisha wawili wawili: mmoja juu ya stuli, mwingine amepiga magoti chini ya kinanda akisukuma kanyagio kwa mikono. Wa juu tulimwita Vidole, wa chini tulimwita Upepo. Hakuna aliyeruhusiwa kuwa Vidole wa wimbo ambao hajawahi kuwa Upepo wake. Kule chini kulikuwa giza, magoti yanauma, mikono inawaka moto, na wimbo unapita juu ya kichwa chako. Ukilegeza mkono kidogo tu, unausikia unazimia, na hapo hapo kisigino cha Mwalimu kinakugusa mgongoni. Elibariki na mimi tulipokezana hivyo kila Jumamosi mchana, na nadhani tulijuana pumzi kuliko ndugu wa tumbo moja.

Siku hizi mtu akifa hugeuzwa malaika. Mwalimu Damari hakuwa malaika. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, hakuwahi kuolewa, alivaa sweta la bluu hata jua likiwa utosini, na alikuwa na ulimi. "Wewe unapiga kinanda au unatwanga mtama?" Hiyo ilikuwa salamu yangu ya kila wiki. Ila alikuwa hachagui wa kumfundisha. Mwalimu Gaspari wa kwaya ya Wakatoliki alikuja kwake kujifunza kusoma nota, akaificha baiskeli yake nyuma ya banda la kuku ili watu wa parokia yake wasije wakamsema. Baadaye aliacha kuificha. Walimu wa kwaya wa vijiji vya jirani nao walikuja, wanaume wazima wenye ndevu, wakakaa juu ya mkeka na sisi watoto, wakaulizwa nao kama wanatwanga mtama.

Wakati wa mazoezi alikuwa na tabia moja. Alituacha kwenye kinanda, akatembea polepole katikati ya kanisa mpaka benchi la mwisho kabisa, lile la karibu na mlango, akakaa. Halafu tunasikia sauti yake kutoka huko: "Huku nyuma hamna kitu! Rudieni." Alituambia kwamba mtu wa mbele husikia hata asipotaka. Mpiga kinanda anampigia yule wa nyuma, aliyechelewa, mwenye mtoto anayelia, asiye na hakika kama anakaribishwa. Kwa hiyo kichwani mwangu benchi la nyuma lilikuwa na maana moja tu: ndipo Mwalimu anapokaa akitupima. Sikujua kwamba wakubwa walikuwa na matumizi mengine ya benchi hilo.

Kinanda chetu kilikuwa na daktari wake, Fundi Njiku, seremala. Panya walikuwa wakiutoboa mfuko wa upepo kila masika, na yeye aliuvua, akaukata na kuushona upya kwa ngozi ya mbuzi aliyoikwangua mwenyewe hadi ikawa nyepesi. Alikuja siku za katikati ya juma. Jumapili hakuja, kwa sababu alikuwa na wake wawili na kanisa lilikuwa limemtenga. Mfuko wake wa upepo ulikaribishwa madhabahuni, mwenyewe hapana. Mtoto haoni ajabu ya jambo kama hilo. Mimi nilidhani Fundi Njiku hapendi kuimba.

Alifariki wakati watu wanavuna alizeti. Kengele haikugongwa. Wazee wa kanisa walikaa, wakaamua kwamba hakutakuwa na ibada, mchungaji hatakwenda, kwaya haitakwenda. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Nilichokijua siku ile ni kwamba Mwalimu Damari alitungoja mimi na Elibariki nje ya darasa, amesimama kando ya mkokoteni wa punda.

"Leo kinanda kinatoka," alisema.

"Kinakwenda wapi, Mwalimu?"

"Kumuaga fundi wake. Shikeni huku na huku, kisidondoke."

Kwetu ilikuwa sherehe. Tulikishika kinanda kila mtu upande wake, punda akaenda taratibu, upepo wa kiangazi unatupiga vumbi usoni, na watoto wengine wakatufuata wakiimba. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba tumetumwa na kanisa. Nani mwingine anaweza kutoa kinanda kanisani? Karibu na njia panda alikuwa amesimama Mzee Yoeli, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ameshika baiskeli yake. Tukamwamkia kwa pamoja, kwa sauti za furaha: "Shikamoo baba!" Hakuitikia. Alitutazama, akakitazama kinanda, akamtazama Mwalimu, lakini marahaba haikutoka. Elibariki akasema magurudumu yana kelele, hajasikia. Nikakubali. Kwetu mtu mzima hajawahi kunyima mtoto marahaba, kwa hiyo lazima iwe hajasikia.

Pale msibani Mwalimu alipiga mwenyewe. Alivua viatu, akakanyaga kwa miguu mitupu, na wale wajane wawili waliokuwa wamekaa mbali mbali wakasogeleana. Hakukuwa na mchungaji, kwa hiyo hakuhubiri mtu. Nyimbo tu, moja baada ya nyingine, mpaka kaburi likafukiwa. Mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake wa jikoni. Aliponiona nimesimama kando ya kinanda aliweka mkono mdomoni na kuuacha hapo. Nilidhani ananionea fahari.

Jumapili iliyofuata tuliingia kanisani tukakuta stuli iko tupu. Mwinjilisti akatuita, akasema, "Leo mtapiga nyie," bila kueleza. Niligeuka kumtafuta Mwalimu, nikamwona kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, na sweta lake la bluu, mikono mapajani.

Moyo uliruka kwa furaha. Sijui nilieleze vipi jambo hili bila kutamani kulia kwa hasira, lakini ndivyo ilivyokuwa: moyo uliruka. Nikamnong'oneza Elibariki, "Ni mtihani. Anatupima." Akaniambia hata yeye ameona. Akaingia chini ya kinanda akiwa amevaa shati lake jeupe la Jumapili, nikapanda juu ya stuli, nikapiga kwa ajili ya benchi lile. Kila ubeti ukiisha nageuka kidogo. Naye, kila nilipogeuka, aliinua kidevu. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Tangu hapo masomo yakahama. Mwalimu alituambia tusimfuate tena kanisani, tuje nyumbani kwake, na si Jumamosi tu bali kila siku baada ya shule. Nyumbani hakuwa na kinanda. Alikuwa na ubao mrefu wa mninga, ametuchorea vibao juu yake, vyeupe kwa chaki na vyeusi kwa mkaa. Tuliuweka juu ya magunia ya mtama, tukabonyeza ubao usio na sauti. Sauti ilikuwa yeye. Ukibonyeza do, aliimba do. Ukibonyeza vibao vitatu pamoja aliimba cha juu na kuwaachia wanafunzi wengine vya chini. Ukikosea, aliliimba kosa lako kama lilivyo, kwa usahihi wote, hadi ukaona aibu. Nimeishi na wapiga kinanda wengi tangu siku hizo, wenye vinanda vya bei kubwa. Sijaona aliyefundishwa kusikia kama tulivyofundishwa na ule ubao.

Lakini alibadilika. Zamani alikuwa mkali akicheka. Sasa alikuwa mkali tu. Jua lilizama tukiwa bado tunarudia mstari mmoja. Elibariki alilia mara kadhaa. Siku moja nilimwambia kwamba vidole vinauma, naye akavishika, akavipaka mafuta ya alizeti kimoja kimoja, taratibu kama mama, halafu akasema, "Haya. Tangu mwanzo." Hatukumchukia. Tulikuwa na siri yetu, na siri hiyo ilitupa nguvu.

"Tukifaulu atarudi mbele," Elibariki aliniambia njiani tukirudi. "Anangoja tufaulu."

"Tutajuaje kama tumefaulu?"

"Atarudi."

Hicho ndicho kilichokuwa rohoni mwetu siku zote zile: kumrudisha Mwalimu kwenye kinanda chake. Tulitaka Jumapili moja tuingie tumkute amekaa kwenye stuli, avue viatu, atuambie tuondoke hapo tunatwanga mtama. Na njia ya kumrudisha tuliijua, au tulidhani tunaijua. Ni kupiga vizuri. Kwa hiyo tulipiga vizuri. Tulipiga vizuri kuliko umri wetu, na kila Jumapili tulipiga vizuri zaidi.

Wazee wa kanisa walipendezwa mno. Baada ya ibada walikuja kutushika vichwa. Mzee Yoeli, yule ambaye hakusikia shikamoo yetu, sasa alikuwa anatusikia vizuri sana. "Kumbe inawezekana," alikuwa akiwaambia wenzake juu ya vichwa vyetu. "Si mnaona? Inawezekana." Tulivimba vichwa kwa kuvishwa kilemba cha ukoka, tukaenda kumwambia Mwalimu nyumbani: Mzee Yoeli amesema inawezekana! Alikuwa anachambua mboga ya mlenda. Aliendelea kuchambua. "Vizuri," alisema. "Jumapili ijayo kuna wimbo mgumu. Leteni ubao."

Kulikuwa na Jumapili moja tulikaribia kuharibu. Kanisa lilikuwa limejaa, wageni wametoka Singida mjini. Katikati ya wimbo, Elibariki alipaliwa na vumbi kule chini, akaanza kukohoa, mikono ikamtoka kwenye kanyagio. Upepo ukakata. Nilibonyeza, hakuna kitu. Waimbaji wakayumba, kila sauti ikaenda njia yake, na nikawaona wazee wa kanisa kwenye mabenchi yao ya pembeni wakitazamana.

Halafu kutoka nyuma kabisa sauti moja ikapanda. Mwalimu Damari alikuwa amesimama kwenye benchi lake akiimba peke yake, kwa ile sauti kavu ya darasani, sauti ya kwanza, moja kwa moja, akiushika wimbo mahali pale pale ulipodondokea. Kwaya ikamfuata. Waumini wakamfuata. Ubeti mzima uliimbwa bila kinanda, na ukawa mzuri ajabu, mpaka Elibariki akapata pumzi na mimi nikaingia nao kwenye kiitikio kana kwamba tulipanga hivyo. Wageni walisema hawajawahi kusikia mpango mzuri namna ile. Mwalimu alikuwa ameshakaa. Kesho yake alitufanyisha wimbo ule ule mpaka giza likaingia, na mimi nikaamini ametukasirikia kwa kumwaibisha.

Ukweli wa kwanza niliupata mbele ya Meza ya Bwana. Watu walikwenda mbele benchi kwa benchi, na benchi la mwisho lilipofikiwa, mwinjilisti akageuka. Hakuna aliyeinuka huko. Mwalimu alikuwa anatazama sakafu. Nilikuwa mtoto lakini sikuwa kipofu. Jioni nikamuuliza mama kwa nini Mwalimu hakwenda kushiriki. Mama alinijibu kwa Kinyaturu, lugha aliyoitumia alipotaka jambo liishe: ametengwa kwa sababu ya kinanda cha Njiku, waliotengwa hukaa benchi la nyuma, na mimi nifunge mdomo. Kisha, baada ya kufunika ugali, akaongeza, "Wanataka asimame mbele aseme amekosa. Hataki. Yule hataki kabisa."

Sikulala vizuri. Siku iliyofuata nilimwambia Elibariki, tukaketi nyuma ya choo cha shule tukafikiri kama watoto wanavyofikiri. Tukakubaliana kwamba basi tuongeze juhudi. Wazee wakiona jinsi alivyotufundisha, wataona aibu, watamrudisha. Ndiyo hesabu tuliyofikia, na ilionekana haina dosari.

Pasaka ile walimfungulia. Hakusimama mbele kutubu; walitangaza tu kwamba kamati ya wazee imelimaliza jambo hilo, akaruhusiwa kushiriki. Tulishikana mikono kwa furaha chini ya kinanda. Lakini ibada ilipoisha Mzee Yoeli alisimama akasema kwamba kwa upande wa muziki usharika umebarikiwa vijana, na vijana waendelee. Makofi yakapigwa. Mwalimu naye alipiga makofi. Nilimwona.

Hakurudi tena kwenye stuli ile. Mimi nilikwenda sekondari mjini, nikakaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Mandewa, Elibariki akaenda kwa kaka yake, na nyuma yetu wakawekwa watoto wengine, nao wametoka kwenye ubao ule ule. Miaka ikapita, kikaja kinanda cha umeme chenye ngoma zake ndani, unabonyeza kitufe kinapiga chenyewe. Kile cha kukanyaga kikasukumwa stoo, panya wakakimaliza. Mwalimu aliendelea kufundisha nyumbani kwake hadi vidole vyake vilipokauka kwa ugonjwa wa viungo, na hata hapo aliimba. Nikihesabu makanisa ninayoyajua ambayo mpiga kinanda wake, au mwalimu wa kwaya wake, alikaa mbele ya yale magunia ya mtama, nashindwa kumaliza. Yeye mwenyewe alikaa benchi la mwisho mpaka mwisho. Hakuna aliyemwambia ahame, na hakuna aliyemwita mbele.

Sasa mnaelewa kwa nini "aling'atuka" ilinichoma. Mwalimu Gaspari, ambaye leo ni mzee wa mvi na fimbo, alipewa dakika chache kanisani kusema kwa niaba ya walimu wenzake. Alieleza habari za baiskeli na banda la kuku, watu wakacheka, halafu akasema, "Mimi Mkatoliki nimefundishwa bure na mwanamke ambaye watu wake mwenyewe..." Akaishia hapo. Alikuwa mgeni, akawaonea haya wenyeji. Akaketi. Nilitamani asingekuwa na adabu.

Baada ya maziko tulirudi nyumbani kwa marehemu, chini ya turubai, chakula kikagawiwa, kipaza sauti kikawa kinaita majina ya watoa rambirambi. Nikamwona Mzee Yoeli amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, amekula chumvi nyingi sasa, macho yana ukungu. Nilimwendea na hasira zangu. Lakini kwetu hata hasira hupitia mlango wake, kwa hiyo niliinama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nikamtajia jina la baba yangu. Uso wake ukafunguka. "Aah! Yule mtoto wa kinanda! Kaa, kaa hapa. Nyie mlitupa raha nyie."

Nikakaa. Nikamuuliza, kwa upole ambao sijui niliutoa wapi, nani aliyeandika kwamba Mwalimu aling'atuka.

"Vijana wa kamati," alisema. "Ni lugha nzuri tu ya msibani. Hayo mengine ni ya zamani, ya nini kuyafukua?" Akala kidogo. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mzee anayekumbuka vituko. "Yule mama alikuwa na kichwa kigumu! Unajua tuligawanyika kwenye kikao? Nusu ya wazee walisema ibada bila yeye itakuwa aibu, arudishwe, hata kutubu asitubu. Nusu tukasema hapana. Tukaelewana hivi: tuwaweke nyie watoto. Mkivuruga, hata Jumapili moja tu, anarudi siku hiyo hiyo, na neno halitasemwa. Msipovuruga, basi, kumbe hatumhitaji. Na mimi mwenyewe nilitumwa kumwambia, nikaja hapa hapa, alikuwa amesimama mlangoni pale. Nikamwambia, Mwalimu, mambo yako ni mepesi, ngoja tu hao watoto wavuruge."

"Akasemaje?"

"Hakusita hata kidogo. Akasema, 'Basi hawatavuruga.'" Mzee akatikisa kichwa. "Na kweli hamkuvuruga. Hata siku ile upepo ulipokata, sisi tukatazamana, tukasema haya, leo ndiyo leo. Akasimama mwenyewe kule nyuma akaimba!"

Alitegemea nicheke naye.

Nilimkasirikia yeye, na kiti chake, na ubwabwa uliokuwa mdomoni mwake. Niliwakasirikia wote waliotushika vichwa. Na niseme ukweli, nilimkasirikia hata Mwalimu Damari, ambaye udongo wa kaburi lake ulikuwa bado haujakauka. Kosa moja tu, Mwalimu! Ungetuacha tuaibike Jumapili moja, tungelia, tungesahau, na wewe ungevua viatu ukakaa mahali pako. Badala yake ulituweka mbele ya ubao mpaka jua likazama, siku baada ya siku, ukitufundisha kwa mikono yako namna ya kukufungia mlango, ili watoto wawili wasichekwe kanisani.

Nikaweka sahani yangu chini.

"Baba," nilimwambia, "hayo uliyoniambia, watu wanatakiwa wayasikie."

"Mambo ya zamani, mwanangu."

"Wamesema aling'atuka. Mbele ya jeneza lake. Wewe ndiye uliyekuja kwenye mlango ule."

"Miguu yangu haina nguvu ya kusimama."

"Mimi ninayo."

Nikamshika mkono juu ya kiwiko, nikamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Alinitazama aone kama natania, akaona sitanii. Tukapita katikati ya watu waliokuwa wanakula, polepole, wengine wakitupisha kwa heshima wakidhani binti mwema anamsaidia mzee kwenda kutoa rambirambi. Elibariki aliniona akiwa upande wa pili wa turubai. Hakujua lolote, lakini alinijua, akasimama. Mshereheshaji akampa mzee kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Bwana Yesu asifiwe," alisema Mzee Yoeli.

"Amina," watu wakaitikia, wakageuza viti vyao.

Kisha akashusha kipaza sauti. Vijiko vikaacha kugonga sahani. Nilihisi anavuta mkono wake taratibu, anataka kurudi kwenye kiti. Sikumwachia.